Mitupo Hamsini ya Clovis

Clovis Ndayisaba ana urefu wa mita mbili na sentimita nane, na hawezi kutupa mpira. Nasema hivyo kwa sababu nilimfundisha mimi, tangu alipokuwa na miaka kumi na mmoja hadi kumi na saba, kila Jumanne na Alhamisi, katika ukumbi wa shule moja ya Kiswidi huku Vårby gård. Kuruka anaruka. Kuzuia anazuia. Mpira ukigonga ubao anaudaka juu ya vichwa vya watu kama mtu anayeshusha sufuria rafuni. Lakini msimamishe kwenye mstari wa mitupo huru, hatua tano kutoka kikapuni, mtu yeyote asimguse, na nusu ya mipira itakwenda kokote isipokuwa ndani.

Mwaka huu, mwezi wa tano, alirudi nyumbani kutoka Marekani, ambako alikuwa akisoma na kuchezea chuo kwa miaka miwili. Alikuwa ameweka jina lake kwenye drafti. Drafti ni siku mbili ambazo timu za ligi kubwa ya Marekani huita majina ya vijana wanaowataka, kama sitini tu kutoka dunia nzima. Mwanafunzi anaruhusiwa kuweka jina kwa kujaribu, kisha kuliondoa kabla ya siku fulani na kurudi chuoni. Siku hiyo ikimpita, chuo hakimpokei tena kwenye timu, awe ameitwa au hajaitwa. Kwa Clovis siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alitua uwanja wa ndege wa Arlanda Ijumaa.

Nilimpokea mimi, kwa kuwa napakia mizigo ya ndege palepale na zamu yangu ilikuwa imekwisha. Tulipanda treni Märsta. Alikaa amekunja magoti kama kiti cha kukunja, na kabla hatujafika kituo cha pili akasema, "Kocha, nataka kuondoa jina."

"Liondoe. Una vidole."

"Kocha wa chuo ameniambia nibaki mwaka mmoja. Kuna mtu wa mitupo wamemleta, kazi yake hiyo tu. Nikiingia sasa hawaniiti. Najua mwenyewe."

"Sasa shida iko wapi?"

"Mama ameshatoa ushuhuda."

Katika kanisa letu la Jakobsberg, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo kadhaa, tuna desturi ya kushukuru kabla. Mtu anasimama Jumapili na kusema Mungu amempa kazi, na kazi yenyewe hata hajaiomba. Wanasema ukishukuru mapema unamfunga Mungu mikono, hawezi kukuaibisha. Mama yake Clovis, Médiatrice, alisimama mwezi wa nne mbele ya watu mia moja na ishirini akasema, "Namshukuru Bwana, mwanangu amechaguliwa." Hakusema atachaguliwa. Kina mama wakachagua kitenge cha sare kwa ajili ya siku ya drafti, cha bluu na machungwa, na kufikia wiki ile cherehani zilikuwa zimemaliza kazi. Clovis akiondoa jina, mama yake itabidi asimame mahali palepale na kuyameza maneno yake.

"Mimi hanisikii," Clovis alisema. "Wewe anakusikia, hujawahi kumsifu mtu. Sema wewe kwamba siko tayari."

"Nitasema. Ni kweli huko tayari."

"Ahsante, Kocha."

"Usinishukuru. Ungekuwa unatupa vizuri nisingesumbuka."

Jumapili baada ya ibada tukakaa kikao nyumbani kwa Médiatrice. Alikuwapo Mchungaji Heshima, Mkongo, ambaye tunamwita Pasteur. Alikuwapo Kato, Mganda aliyecheza zamani na sasa anamfanyia kazi wakala wa wachezaji, suruali imepigwa pasi hadi inakata. Alikuwapo Diane, dada yake Clovis, wa miaka kumi na saba, na simu yake. Clovis tulimkalisha kwenye kiti cha jikoni katikati ya sebule, kwa sababu sofa ilikuwa fupi.

Kato akafungua karatasi zake. "Simama, kijana. Nyoosha mikono."

Clovis akasimama akanyoosha. Mkono mmoja ukagusa pazia, wa pili ukagusa kabati la vyombo.

"Mita mbili na ishirini na nne, ncha kwa ncha," Kato alisema. "Mnaelewa maana yake? Huko Marekani kuna timu zitamtaka kwa mikono hii tu."

"Tazameni kazi ya tumbo langu," Médiatrice alisema.

"Endelea kusoma, Kato," nikamwambia. "Soma na zile za chini."

Kato akakohoa. "Mitupo huru, asilimia arobaini na tisa. Mitupo ya mbali, amejaribu thelathini na moja, amefunga minne."

"Mine si mubaya," Pasteur alisema.

"Pasteur, hata wewe ukifumba macho utafunga minne."

Wakacheka. Clovis alikuwa bado amenyoosha mikono, hakuna aliyemwambia aishushe.

"Boss, drafti haiko hivyo," Kato alisema. "Hawa watu hawanunui maziwa ya leo. Ni kama ng'ombe. Unatazama pembe, miguu, mgongo, unasema huyu akilishwa vizuri miaka miwili, atatoa."

"Na kama ni dume?"

Wakacheka tena, Médiatrice hakucheka. Nikaendelea kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Niliwaambia kwamba mchezaji mrefu asiyeweza mitupo huru wanamfanyia madhambi makusudi. Dakika za mwisho wanamkumbatia kila anaposhika mpira, aende mstarini, akose mbele ya watu elfu ishirini. Kocha anamtoa. Wiki ijayo hamwingizi. Mwaka ujao hakuna anayekumbuka jina lake. "Mnampeleka mtoto akavuliwe nguo," nikasema. "Aondoe jina, arudi chuoni ajifunze kile ambacho watoto wa darasa la sita hapo chini wanakijua."

"Kaka Urbain," Médiatrice alisema polepole, "wewe moyo wako ni mkavu. Ukienda arusini unasema wali haujaiva. Mwanangu mimi nimemwona kwa macho akifunga."

"Umemwona akiuingiza mpira kwa mikono akiwa juu ya kikapu. Kutupa hujamwona."

"Men han vill ju inte," Diane alisema kwa Kiswidi, yaani, kaka yake mwenyewe hataki.

"Ongea lugha ya watu," mama yake akamwambia. "Na wewe Clovis, hutaki?"

Clovis alishusha mikono. Akanitazama mimi. "Nawasikiliza ninyi, mama."

Basi nikasema neno ambalo nililiona la akili. Twende ukumbini sasa hivi, ufunguo ninao. Mitupo huru hamsini. Akifunga thelathini na tano, jina libaki. Akishindwa, aliondoe leo, na Médiatrice asiulizwe kitu kanisani, mimi mwenyewe nitasimama niseme nilimkataza. Clovis alielewa mara moja. Alitakiwa kukosa tu, na kukosa ni kazi anayoijua kuliko zote. Médiatrice naye akakubali, kwa vile Mungu hawezi kushindwa na mipira hamsini. Pasteur akaomba. Kato akatazama saa.

Ukumbi uko dakika nne kwa miguu. Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha ya juu na sakafu ilinuka sabuni. Diane akakaa kwenye benchi ahesabu. Pasteur na Médiatrice wakasimama nyuma ya kikapu kama mashahidi wa harusi.

Wa kwanza uligonga ubao, haukugusa hata chuma. Wa pili ukaingia. Wa tatu, wa nne na wa tano ukutani.

"Mpe mama yako ajaribu," nikasema. "Labda anatupa vizuri zaidi."

Wa sita, nje. "Dirisha hilo la nani unalitaka? La jirani?" Wa saba ukaingia kwa bahati, ukazunguka chuma mara tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wa nane, nje. "Pasteur, sogea, atakuua."

Masikio ya Clovis yalikuwa mekundu. Ni mtoto mweusi, lakini ukimjua unaona. Nilimtukana kwa nguvu kwa sababu nilitaka mama yake asikie kila mpira, na kusema kweli nilikuwa nimezoea. Miaka sita nilimwita ngazi, mlingoti, nguzo ya umeme. Hakuwahi kujibu.

Baada ya mipira kumi na mitano Diane alisoma: sita.

Médiatrice alikuwa amefunika mdomo. Nilijua tumemaliza. Ndipo Kato, aliyekuwa ameegemea ukuta, akacheka kwa pua.

"Jamani, nani alimfundisha huyu? Hicho kiwiko hata kipofu anakiona. Na kidole gumba cha kushoto kinasukuma mpira, kama mtoto mdogo." Akanigeukia. "Ni kazi yako hii, Coach? Miaka sita?"

Ilikuwa kazi yangu. Clovis alipokuja kwangu alikuwa na mikono dhaifu, mpira akiusukuma kwa miwili, kiwiko kimetoka nje kama bawa. Kosa hilo nililiona siku ya kwanza. Sikumrekebisha, kwa sababu mrefu kazi yake ni chini ya kikapu, na mimi nilitaka kushinda vikombe vya watoto. Mrefu wangu akitupa kutoka mbali nilimkimbiza mizunguko kumi. Clovis alikimbia mizunguko mingi mwaka wa kwanza, kisha akaacha kutupa. Tulishinda vikombe vitatu.

"Wewe ulicheza wapi?" nikamuuliza Kato.

"Kokote nilikocheza, kiwiko changu kilikuwa ndani."

Nikaenda mstarini. Nikamshika Clovis kiwiko, nikakiingiza chini ya mpira. Nikamkunja kidole gumba cha kushoto kwa nguvu, akasema aa. "Hicho kisiguse tena. Kikigusa nakivunja. Kiwiko ndani, macho kwenye chuma cha nyuma, mkono uishie juu. Tupa."

Akatupa. Ukaingia bila kugusa chuma.

"Tena."

Ukaingia. Na wa tatu, na wa nne. Wa tano ulitoka, wa sita ukaingia. Sikumtazama Médiatrice wala Pasteur. Nilikuwa namtazama Kato, niione sura yake. Nikawa nasema neno moja kila mara, kiwiko, kiwiko, na mtoto anatupa, na nyavu zinalia. Ilipofika mipira thelathini Clovis alikuwa anatabasamu. Mtu ambaye maisha yake yote mpira umemkataa, siku unapomkubali hakumbuki mambo ya chuo. Nami nilisahau. Pasteur alikuwa ameanza wimbo kwa sauti ya chini na Médiatrice anamwitikia.

"Fyrtionio," Diane alisema. Mipira arobaini na tisa. "Trettiofyra." Thelathini na nne imeingia. Alikuwa amesimama, simu mkononi, na alimtazama kaka yake kwa namna ambayo nilipaswa kuielewa.

Umebaki mmoja.

Clovis aliushika muda mrefu. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Akaudundisha mara mbili, akageuza kichwa, akanitazama. Nilijua anachouliza. Hata mtoto mdogo angejua. Kukohoa tu kungetosha, au kutazama pembeni, naye angetupa mpira huo barabarani.

"Kiwiko," nikasema.

Ukaingia.

Médiatrice alipiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi. Pasteur akanyanyua mikono. Kato alikuja akanishika bega, akasema mbele ya wote, "Coach, naondoa maneno yangu. Sasa toa na wewe neno lako. Yuko tayari au hayuko?"

Sijui mtu mwingine angejibu nini. Mtu yeyote aliyewahi kufundisha mpira anajua kwamba kufunga ishirini na tisa kati ya thelathini na tano kwenye ukumbi mtupu, viatu vikavu, kocha akikusemesha sikioni, si kitu. Kesho yake kiwiko kinarudi kilikozoea. Nilijua hilo vizuri.

"Yuko tayari," nikasema.

Clovis akaokota mpira, akaupeleka stoo, akarudi na funguo zangu. Jumatano ikapita. Jina likabaki.

Mwezi wa sita Kato alimpeleka kwa timu tatu Marekani wamjaribu. Alinipigia baada ya ya kwanza. "Kimerudi nje," alisema. Sikumuuliza nini. Baada ya ya tatu hakupiga.

Siku za drafti, kwa saa za huku majina yanaitwa watu wamelala, na wengi wetu tunaamka saa kumi kwenda kazini. Kwa hiyo kanisa likaamua kwamba halitatazama moja kwa moja. Tutakutana Jumamosi mchana Jakobsberg, siku zote mbili zitaonyeshwa kwenye pazia kubwa, wote pamoja, na mpaka hapo hakuna kusoma habari wala kuambiana. Médiatrice alipita kwa kila mtu. "Atakayesema kabla, amemwibia Mungu utukufu," alisema. Mlangoni dada Concessa alikuwa na kapu, simu zinaingia humo.

Mimi nilijua tangu Ijumaa asubuhi. Nilisoma kwenye simu kati ya mizigo ya ndege mbili. Majina yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Nikasoma tena kutoka chini kwenda juu.

Clovis aliwekwa mstari wa mbele, amevaa suti ya kijivu. Nilikaa kiti cha pembeni yake kwa sababu Médiatrice alikuwa amenitengea, kiti cha heshima, jina langu kwenye karatasi. Kina mama thelathini na kitu walikuwa kwenye sare. Wali ulikuwa tayari nyuma, umefunikwa.

Jina la kwanza likaitwa. Kijana akasimama, akamkumbatia mama yake. Watu wakapiga makofi, kwa ukarimu tu. La pili, la tatu.

"Umeambiwa?" nikamnong'oneza.

"Kato alinipigia. Jana saa moja asubuhi."

"Waambie."

"Nimekatazwa. Waambie wewe, Kocha. Wewe ndiye husema."

Nilitazama mbele. Kuanzia jina la kumi na sita kina mama walianza kujiandaa. Kila yule bwana wa ligi anayesoma majina alipokaribia kipaza sauti walivuta pumzi kwa pamoja, vigelegele viko kooni, kisha likatoka jina la mtu mwingine na pumzi ikashuka. Hivyo mara kumi na tano. Siku ya kwanza ikaisha. Watoto walikuwa wanalilia wali.

"Wa mwisho watakuwa wa kwanza," Pasteur alisema. "Songesha mbele."

Siku ya pili ilikwenda haraka zaidi. Clovis alipiga makofi kwa kila jina. Aliinama mbele kila bwana yule alipofungua karatasi, kama mtu anayetumaini, na alifanya hivyo mpaka mwisho kwa ajili ya mama yake aliyekuwa anamchungulia. Ilipobaki kumi, Médiatrice alisimama. Ilipobaki tano, wote tukasimama. Baada ya jina la mwisho kwenye pazia pakatokea watu wawili mezani wakizungumza, halafu tangazo la gari.

"Rudisha nyuma," Médiatrice alisema. "Mmeruka moja."

Kijana wa mitambo akarudisha. Tukasikiliza majina matano ya mwisho upya, tumesimama.

Médiatrice alipogeuka, uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Clovis. Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukaniacha nisimame hapa."

"Ulisema tusiseme."

Akawatazama watu, kisha akanitazama mimi. "Na nani alisema yuko tayari? Nilikuwa na mashaka siku ile. Nilikuwa tayari kuyameza maneno yangu, Pasteur ni shahidi. Nani alitoa neno? Nani alijua kwamba hayuko tayari, akasema yuko?"

Kila mtu aliyekuwa ukumbini siku ile alikuwamo humu ndani. Diane alifungua mdomo. Clovis alimwekea mkono begani, akamkalisha.

"Ni mimi, mama," alisema. "Kocha aliniambia kwenye treni niondoe jina. Mimi ndiye niliyemwomba aseme niko tayari. Nilitaka kuonekana."

Lilikuwa jambo lenyewe, limegeuzwa ndani nje. Watu waligeuza vichwa kwangu wakingoja. Ningeweza kusema.

"Ndivyo," nikasema.

Médiatrice alitikisa kichwa, mara nyingi, kama anayehesabu. "Kumbe. Nimefedheheka mbele ya kanisa zima kwa sababu wewe ulitaka kuonekana. Kwa mikono ile. Na mtu mzima alikuambia." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kaka Urbain, nisamehe. Nilisema moyo wako ni mkavu."

"Yameisha, Mama Clovis."

"Vua koti," akamwambia mwanawe. "Suti ni ya kukodi, Jumatatu inarudi. Wali unaliwa, usije ukalitia mafuta."

Clovis akavua koti palepale mbele ya wote, akabaki na shati lililolowa jasho mgongoni. Akatafuta pa kuliweka, viti vyote vilikuwa na watu. Nikanyoosha mkono nilipokee. Aliutazama mkono wangu kwa muda, kisha akanipita, akatoka nalo nje.